Kamanda aliyevaa sketi, boti iliyoitwa Mimi, na mizinga ya miti pale Kasanga

Najua mmezoea vile vistori vya maajabu ya dunia, mara jamaa wa Ufaransa aliyekula baiskeli, mara mnyama gani sijui asiyelala. Leo tusiende mbali. Kuna ajabu moja limepita hapa hapa kwetu, kwenye maji haya haya tunayoyaona kila asubuhi tukiwa Kipili, na nina uhakika wengi wenu hamjawahi kulisikia.

Hata mimi nilikuwa sijui. Sekondari tulisoma Vita vya Kwanza vya Dunia, tukakariri sababu zake, tukamsoma von Lettow-Vorbeck na mapigano ya Tanga. Basi. Kwamba Ziwa Tanganyika lilikuwa na vita vyake vya manowari, hilo nililikuta mwenyewe baadaye nikipekuapekua intaneti. Nikabaki mdomo wazi.

Mtu wa leo anaitwa Geoffrey Spicer-Simson. Kwa wazungu ni maarufu, ameandikiwa vitabu, na vita vyake ndivyo vilivyompa mwandishi C.S. Forester wazo la riwaya ya The African Queen mwaka 1935, ambayo mwaka 1951 ilitolewa filamu yenye mastaa Humphrey Bogart na Katharine Hepburn. Lakini sisi wenye ziwa hatumjui. Haya, tumjue.

Alizaliwa mwaka 1876 huko Hobart, kisiwa cha Tasmania, Australia. Baba yake alikuwa mfanyabiashara aliyezungukazunguka dunia, baadaye familia ikahamia Ufaransa, kwa hiyo kijana akakua anaongea Kifaransa kama maji. Hiyo Kifaransa ishikeni, itatusaidia mbele. Akiwa na miaka 14 tu akaingizwa Jeshi la Majini la Uingereza.

Sasa bwana, huyu jamaa alikuwa na tatizo moja kubwa: mdomo. Alikuwa mtu wa majigambo kufa mtu. Ukisema umewinda simba mmoja, yeye ameua watatu. Mwilini alikuwa amejichora tatuu za nyoka na wadudu na kila aina ya mdudu, na alipenda zionekane. Wenzake walimcheka pembeni, na kazini nako mambo hayakwenda vizuri. Mwaka 1905 alibuni njia ya kutafuta nyambizi kwa kukokota kamba kati ya meli mbili, karibu azamishe nyambizi ya Waingereza wenzake. Safari nyingine akapandisha meli mchangani. Nyingine tena akagonga mashua ya mabaharia.

Tusimwonee lakini. Kazi ya kupima mito na kuchora ramani aliiweza. Alipima mto Yangtze kule China, akapima mto Gambia, Afrika Magharibi. Ila kwenye jeshi cheo hakikupanda. Wenzake wa rika lake walishakuwa wakubwa, yeye bado yuko pale pale.

Vita ilipoanza mwaka 1914 akapewa meli ndogo za ulinzi. Novemba 11 mwaka huo, moja ya meli zake, Niger, ilipigwa na nyambizi ya Wajerumani ikazama karibu na pwani ya Uingereza. Kamanda wetu alikuwa wapi? Alikuwa nchi kavu, hotelini, na mke wake na akina mama wengine! Duh. Akaondolewa, akatupwa ofisini kushika makaratasi.

Kama hadithi ingeishia hapo tusingekuwa naye leo.

Turudi kwenye ziwa letu. Upande huu wa mashariki wakati huo ni Wajerumani, upande wa pili Kongo ya Wabelgiji, na kule kusini Waingereza wa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia. Mwenye nguvu majini alikuwa Mjerumani. Agosti 1914 meli yake Hedwig von Wissmann iliishambulia meli ya Wabelgiji, Alexandre Delcommune, ikaiharibu. Baada ya hapo Wajerumani wakawa wanapita watakavyo, askari wao wanavushwa leo huku kesho kule.

Aprili 1915 mwindaji wa tembo aitwaye John Lee alikwenda London kwa wakubwa wa Jeshi la Majini na wazo la kichaa: leteni boti ndogo zenye kasi, zishushwe Cape Town, zipandishwe treni, kisha zikokotwe porini Kongo mpaka ziwani. Mkubwa mmoja wa jeshi hilo, Henry Jackson, akakubali. Ila wakamtafuta afisa wa kuongoza kazi, wakakosa. Maofisa wazuri wote walikuwa wana kazi nyingine. Aliyebaki bila kazi ya maana, na anayejua Kifaransa cha kuongea na Wabelgiji, ni nani? Spicer-Simson. Ndiyo hivyo, yaani alipata nafasi kwa sababu hakukuwa na mtu mwingine.

Boti zilikuwa mbili, za mbao za mkangazi, urefu futi 40 hivi kila moja. Awali zilikuwa zimetengenezwa kwa ajili ya Ugiriki. Kasi yake karibu kilomita 35 kwa saa, kwa wakati ule ni balaa. Wakaambiwa zipewe majina. Yeye akapendekeza Paka na Mbwa. Wakubwa wakakataa, manowari za Mfalme haziwezi kuitwa hivyo. Akaenda akarudi na majina mapya ya Kifaransa: Mimi na Toutou. Wakubwa wakaona yanafaa, wakapitisha. Kumbe kwa Kifaransa cha watoto yale yale, Mimi ni paka, Toutou ni mbwa! Hawakushtuka.

Sasa kwetu sisi wa Kiswahili utamu unazidi, maana boti ya kivita inaitwa Mimi. Na kwa mtu mwenye majivuno kama yake, mimi mimi kila saa, jina lilimkaa kabisa hata kama hakujua.

Juni 15, 1915 waliondoka Uingereza na boti zao ndani ya meli. Julai 2 wakafika Cape Town. Wakapanda treni kuelekea kaskazini, wakavuka mpaka, Agosti wakafika mahali panaitwa Fungurume, Katanga. Reli ikaishia hapo. Mbele yao pori na milima ya Mitumba.

Hapa ndipo naomba msome taratibu. Vitabu vinasema Spicer-Simson alivusha boti milimani. Spicer-Simson hakuvusha boti. Zilivushwa na watu. Mamia ya vibarua Waafrika walifyeka njia, wakakata miti, wakajenga madaraja zaidi ya 100 ya magogo. Kulikuwa na matrekta mawili ya mvuke ya kukokota, lakini yalikuwa yanazama kwenye matope, yanavunja madaraja, na yanakunywa maji kama ngamia. Kiangazi maji hakuna, kwa hiyo akina mama wakaajiriwa kubeba maji vichwani ili trekta zinywe. Trekta ikishindwa, wanafungwa ng'ombe. Ng'ombe wakishindwa, watu wanashika kamba. Walipanda mpaka karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kisha wakaanza kushuka, na kushuka ndiko kulikuwa na hatari zaidi maana boti ikiachia inaondoka na watu.

Ilichukua wiki 6 hivi kufika Sankisia, ambako kulikuwa na kipande cha reli. Halafu mto Lualaba, ambao maji yalikuwa machache mpaka boti zikafungiwa mapipa zielee juu. Halafu reli tena. Mwisho wa Oktoba 1915 wakafika ziwani, hapo Kalemie ya leo, ng'ambo kwa wenzetu. Kutoka Cape Town ni safari ya kilomita kama 4,800, na boti zote mbili zilifika nzima. Majina ya maofisa yameandikwa. Ya vibarua na wale akina mama wa ndoo hayapo. Na vita ile ndiyo desturi yake: wapagazi kwa makumi ya maelfu walikufa Afrika Mashariki kwa njaa, kuhara na mizigo. Kama hukuwahi kujua, jina la Kariakoo pale Dar linatokana na maneno ya Kiingereza ya kikosi cha wapagazi hao.

Kule Kalemie kamanda akafunguka sasa. Joto likamfanya aache suruali, akawa anavaa sketi ya kaki aliyoshonewa na mke wake. Sketi, nawaambia! Maofisa wa Kibelgiji wakamshangaa, askari wake wakaona aibu. Siku za kuoga akawa anaogea hadharani, watu wamejaa kutazama zile tatuu zinavyocheza mwilini. Waholoholo, ambao ndio wenyeji wa pale, hawakuwa wameona mzungu wa namna hiyo. Wakambandika jina, Bwana Chifunga-tumbo, wakafinyanga na vinyago vyake vya udongo. Mtu aliyechekwa miaka yote kwao, huku akapata watazamaji.

Boti ziliteremshwa majini siku chache kabla ya Krismasi. Desemba 26 ilikuwa Jumapili, kamanda anaongoza sala, meli ndogo ya Wajerumani iitwayo Kingani ikaonekana inakuja kuchungulia. Hakukatisha sala. Akamaliza, ndipo wakaingia kwenye boti.

Kingani ilikuwa na mzinga unaopiga mbele tu. Mimi na Toutou zikaja kwa nyuma na pembeni, kasi ile, Mjerumani hana la kufanya. Dakika 11 tu, nahodha wake amekufa, meli imesalimu amri. Waingereza wakaikokota, wakaiziba, wakaweka mzinga mkubwa zaidi, wakaiita Fifi. Mke wa afisa mmoja wa Kibelgiji alikuwa na kindege chake kwenye tundu kinaitwa Fifi. Kwa hiyo sasa wako paka, mbwa na ndege.

Februari 9, 1916 ikatokea Hedwig von Wissmann yenyewe, inatafuta mwenzake aliyepotea. Toutou ilikuwa imeharibika kwa dhoruba, hivyo wakatoka Mimi na Fifi. Mimi ikawa inaisumbua Hedwig kutoka nyuma, inailazimisha kugeuka geuka, mpaka Fifi ikafika karibu na mzinga wake mkubwa. Hedwig ikazama. Bendera yake ya vita ikachukuliwa. London furaha tupu, kamanda aliyekuwa mtu wa makaratasi sasa ni shujaa.

Laiti ingeishia hapo, ingekuwa hadithi ya kawaida: wamemcheka, amewaonyesha. Lakini siku ya pili yake, Februari 10, ikatokea meli ya tatu.

Hiyo mnaifahamu. Graf von Götzen. Ilitengenezwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande, ikapakiwa kwenye masanduku kama 5,000, ikaletwa Dar, ikapanda treni mpaka Kigoma na kuungwa tena hapo. Urefu karibu mita 70. Mbele ilikuwa na mzinga wa milimita 105 uliotolewa kwenye manowari Königsberg, ile iliyozamishwa delta ya Rufiji Julai 1915. Ikapita polepole inatafuta Hedwig. Mabaharia wa Spicer-Simson wakakimbilia boti zao. Yeye akakataza. Akaitazama mpaka ikaondoka.

Mimi binafsi kwa siku ile simlaumu. Boti ya mbao ya futi 40 mbele ya mzinga kama ule, kombora moja tu inatosha kuwamaliza wote. Ila wanaosimulia wanasema kuanzia hapo kuna kitu kilivunjika ndani yake. Aliacha vijana wake ziwani akasafiri mpaka Léopoldville, Kinshasa ya leo, kufuata boti nyingine. Akarudi Mei.

Ndipo tunakuja Kasanga. Ndugu zangu wa Rukwa, Kasanga hii hii yetu, ukitoka Kipili unashuka na ziwa kuelekea kusini. Wajerumani waliiita Bismarckburg, ndiyo yalikuwa makao ya utawala wao wa huku, Ufipa nayo ndani. Walikuwa na ngome pale juu ya maji. Juni 1916 jeshi la Waingereza kutoka Rhodesia ya Kaskazini lilikuwa linakuja kwa nchi kavu chini ya Luteni Kanali Murray. Kazi ya Spicer-Simson ilikuwa rahisi: afunge upande wa ziwa, Wajerumani wasitoroke.

Juni 5 akafika. Akatazama ngome. Akaona mizinga imeelekezwa ziwani. Akawaza. Akageuza boti, akaenda zake Kituta, upande wa Zambia.

Wajerumani wakapanda vyombo vyao wakatoroka kwa njia ile ile ya maji aliyotakiwa kuiziba. Jeshi la nchi kavu likaingia ngomeni, na mizinga ile iliyomrudisha kamanda… ilikuwa ya miti. Magogo tu, yamechongwa yakawekwa pale kutisha watu.

Jamani. Mtu amevuka milima ya Mitumba, ameshinda mapigano mawili, anageuzwa na gogo!

Na kuna la pili. Mzinga mkubwa wa Götzen nao Wajerumani walikuwa wameshautoa mwezi Mei kupeleka kwenye vita ya nchi kavu, wakaweka wa mti mahali pake. Yaani kipindi kile lile dude lililokuwa linatisha ziwa zima lilikuwa linatembea na gogo.

Murray alikasirika. Maofisa wa nchi kavu wakamcheka, na safari hii hakuwa na simba wa kuwasimulia. Akajifungia, hataki watu, akawa anaumwa, daktari akaona akili imechoka. Akarudishwa Uingereza. Hakupewa tena meli ya kuongoza maisha yake yote, ingawa nishani alipata, DSO ya Waingereza na nyingine ya Wabelgiji.

Baada ya vita kile Kifaransa chake kikamsaidia tena, akafanya kazi kwenye mkutano wa amani wa Paris mwaka 1919. Mwaka 1921 akawa Katibu Mkuu wa kwanza wa ofisi ya kimataifa inayoshughulikia ramani za bahari, makao yake Monaco, akakaa hapo mpaka 1937. Kazi ya kupima maji na kuchora ramani, ile ile aliyoiweza toka mwanzo. Alifariki Januari 1947 huko British Columbia, Kanada, kwao na mke wake, akiwa na miaka 71.

Na Götzen? Julai 26, 1916, Wajerumani wakiwa wanaondoka Kigoma, mafundi wake waliipaka injini grisi nzito, wakaizamisha taratibu wakitumaini kuirudia. Hawakurudi. Wabelgiji waliiibua, ikazama tena. Waingereza wakaiibua Machi 1924, injini iko salama, na Mei 1927 ikaanza safari na jina jipya, Liemba, ambalo ni jina la kale la ziwa upande wetu huu wa kusini. Ndiyo ile ile, wadau. Meli iliyomnyima usingizi kamanda wa Mfalme ndiyo iliyokuja kubeba dagaa, mahindi, magunia ya mchele na bibi zetu miongo na miongo, mitumbwi ikiikimbilia usiku penye vituo visivyo na gati. Watoto walikuwa wanalala pale mbele kwenye sitaha, mahali palipofungwa mzinga.

Nimemfikiria sana huyu mtu. Wengine humwita mwendawazimu, wengine shujaa, wengine mwoga. Mimi naona alikuwa vyote, kwa zamu. Msemo wa debe tupu haliachi kuvuma haumtoshi, maana debe lake halikuwa tupu. Lilikuwa na kitu. Ila alipiga kelele nyingi kuficha kwamba anaogopa kuchekwa, na mtu anayeogopa kuchekwa, siku akiwa na heshima ya kupoteza, hata gogo linamtosha. Kule Kalemie alipigana akiwa hana cha kupoteza. Kasanga alikuja akiwa shujaa, na ushujaa akaona ni mali ya kulindwa.

Wangapi kati yetu tumegeuza boti kwa sababu ya mzinga wa mti? Mtihani, kazi, safari ya mjini, tumetazama kwa mbali tukasema ile ngome hatuiwezi, wala hatukusogea kuhakikisha. Mimi wa kwanza nanyoosha mkono.

Na wale waliobeba maji ya trekta hawakuwa na nafasi ya kuogopa wala ya kujisifu. Walipeleka boti, wakarudi makwao. Ukipita Kasanga, magofu ya ngome yapo, kasimame uangalie ziwa. Mwenye babu au bibi aliyesimuliwa lolote kuhusu vita ile, upande wetu au ng'ambo Kongo, atupie hapo chini tuongezee. Tusisubiri wazungu watuandikie na hilo.

Tuko pamoja.